Tusiache Mwaridi wa Kale Upotee

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Neno hilo tulilikumbuka siku jirani yetu alipong'oa mwaridi wa marehemu mama yake ili apate nafasi ya kujenga ukuta. Tulipofika kuomba kitawi, mti ulikuwa umekwisha kuchomwa pamoja na takataka. Jina lake hakuna aliyelijua. Harufu yake mtaa mzima uliijua.

Huenda msomaji akasema kwamba mawaridi yako tele. Ni kweli, mashamba ya Kenya, Uganda na Ethiopia huyapeleka Ulaya kwa ndege. Lakini hayo yalichaguliwa kwa urefu wa kikonyo na kustahimili safari, na mengi hayana harufu ya kutajwa.

Kwa desturi ya watunza bustani, miwaridi ya kale ni ile ya jamii zilizokuwako kabla ya mwaka 1867, mwaka ambao Mfaransa Guillot alitoa waridi liitwalo La France. Jamii mojawapo ina asili katika Bahari yetu ya Hindi, katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Bukini, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakulima wa huko walizungushia mashamba yao ua wa miwaridi ya namna mbili: wa Kichina, uchanuao mara kwa mara, na wa Dameski, wenye harufu kali. Yasimuliwa kwamba ndani ya ua huo uliota mche usiofanana na mmoja wala mwingine. Bréon, mtaalamu wa mimea aliyefika kisiwani mwaka 1817, alipeleka mbegu zake Ufaransa. Humo ndimo ulimotoka ukoo wa Bourbon, pamoja na waridi la Souvenir de la Malmaison la mwaka 1843, linalopandwa hata leo.

Limedumuje? Si kwa mbegu, maana mbegu ya mwaridi haizai mfano halisi wa mama yake. Limedumu kwa vitawi vilivyopitishwa mkono kwa mkono. Mikono hiyo ikikoma, na ukoo umekoma.

Anayetaka kuanza na achague kwa busara. Miwaridi ya kale ya Ulaya, kama ile ya Gallica, hungoja baridi kali ndipo ichanue. Katika nchi za joto haifai. Ya Kichina, ya Chai na ya Bourbon hutufaa zaidi. Ipewe jua, nafasi ya kupitisha hewa na samadi iliyooza, nayo inyweshwe shinani, kwa kuwa majani yenye maji huleta madoa meusi.

Ua likinyauka, kata kitawi chenye unene wa penseli na urefu wa shubiri. Ondoa majani ya chini, ubakize mawili juu. Choma nusu yake katika udongo uliochanganywa na mchanga, ukiweke kivulini, udongo usikauke. Baada ya majuma sita hadi nane mizizi huwa imeshika. Panda vitano au sita, kwani vingine hufa. Kisha andika jina, au walau aliyekupa na mwaka, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mwaridi wa bibi yako, mpe jirani kitawi mapema. Huo si upotevu, ni akiba: wako ukifa, utajua pa kwenda kuuomba.