Somo la Leo: Bastola Ndogo ya Mfukoni

Leo tutazame jinsi watu wa Marekani wachaguavyo bastola ya mfukoni.

Mwaka 1927 kampuni ya Colt ilitoa Detective Special, yenye risasi 6. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakatoa Chiefs Special, yenye risasi 5 tu. Kwa nini wapunguze? Kwa sababu silinda, yaani kigurudumu kishikacho risasi, ikawa nyembamba, haivimbishi mfuko. Lakini nyundo yake iliweza kunasa nguoni. Basi mwaka 1952 wakatoa Centennial, ambayo nyundo yake imefichwa ndani.

Kumbukeni: bastola nyepesi hubebeka vizuri, bali hurusha mkono zaidi. Na itiwe katika ala, mfuko usiwe na ufunguo wala sarafu, kitu kisije kikavuta kifyatulio.

Kwaherini.