Miraa na siri ya seli chache za ubongo wa kati

MAGARI ya miraa yanapowasili mjini Garissa kutoka vilima vya Nyambene, wanunuzi hujongea upesi. Vibunda vilivyohifadhiwa ndani ya majani ya mgomba hugombaniwa, kwa kuwa kila mtafunaji anajua kwamba miraa iliyochelewa si miraa tena.

Haraka hiyo ina sababu ya kisayansi. Mnamo 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilitambua kemikali iitwayo kathinoni katika majani mabichi ya mmea huo. Majani yakikatwa na kuanza kunyauka, kathinoni hubadilika polepole kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Baada ya siku mbili tatu majani huwa yangalipo, lakini nguvu zake zimekwisha.

Kathinoni hiyo hufanya kazi wapi mwilini? Sehemu kubwa ya jibu imo katika umbo la seli fulani za neva zilizo katika ubongo wa kati, eneo dogo lililo kileleni mwa shina la ubongo.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Zile za ubongo wa kati zinazotengeneza dopamini, kemikali inayochochea hamu, uchangamfu na mwendo wa viungo, ni takriban nusu milioni tu. Hiyo ni chini ya seli moja katika kila 100,000.

Uchache huo hufidiwa na umbo lake. Kila seli ina kiwiliwili chenye kiini, matawi yanayopokea habari kutoka kwa seli nyingine, na uzi mmoja mwembamba, uitwao aksoni, unaopeleka habari mbali.

Mkazi wa Garissa anaweza kuifananisha na pampu ya maji ukingoni mwa Mto Tana. Pampu ni moja na mfereji mkuu ni mmoja, lakini mfereji huo hugawanyika tena na tena hadi kila shina la mgomba shambani linapata maji.

Aksoni ya seli ya dopamini hugawanyika vivyo hivyo. Wanasayansi wamekadiria kwamba, kwa binadamu, matawi ya aksoni moja yakiunganishwa yanaweza kuzidi urefu wa mita 4, na kwamba seli moja huweza kuwa na maungio zaidi ya milioni moja.

Juu ya matawi hayo mna vivimbe vidogo, mithili ya shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ndani yake huhifadhiwa dopamini. Seli inapotoa ishara, dopamini humwagwa nje, kisha vilango maalumu huirudisha ndani ili itumike tena.

Hapo ndipo kathinoni inapoingilia. Huzuia vilango hivyo, na kuvifanya vitoe dopamini badala ya kuirudisha. Kwa kuwa kila seli imetanda mbali, mabadiliko hayo husikika katika maeneo mengi ya ubongo kwa pamoja. Mtafunaji huchangamka, mazungumzo hunoga, njaa husahaulika na usingizi hupaa. Wasomali huiita hali hiyo mirqaan.

Hata hivyo, umbo hilo hilo ndilo linaloeleza majonzi yanayofuata. Kiwiliwili cha seli na matawi yake vina vipokezi vinavyopima kiasi cha dopamini. Ikizidi, seli hujipunguzia kasi. Majani yanapokwisha, seli imepoa, akiba imepungua na mwili haujalala. Ndipo mtu anapokuwa mzito, mwenye hasira na asiye na hamu ya lolote.

Wengi huifasiri hali hiyo kuwa dalili ya kuhitaji kibunda kingine. Kumbe ni sawa na kuongeza mifereji ilhali pampu imechoka. Kinachoirudisha seli katika hali yake ni mapumziko: usingizi, chakula na siku zisizo na miraa.

Thamani ya seli hizi hudhihirika zaidi zinapokufa. Baadhi yake zina rangi nyeusi inayokolea kadiri mtu anavyozeeka, na ndizo zinazoangamia katika ugonjwa uliopewa jina la James Parkinson, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Dalili za kutetemeka na kukakamaa kwa viungo huonekana wakati sehemu kubwa ya seli hizo imeshatoweka. Ugonjwa huo ni jambo jingine na miraa ni jingine, ila unaonyesha jinsi mwili unavyotegemea seli chache.

Katika Garissa, Wajir na Mandera, miraa si majani tu. Kina mama wengi hulisha na kusomesha watoto kwa biashara hiyo, na baraza za kutafuna ni mahali pa kupashana habari. Lakini pia kuna nyumba ambamo baba hulala mchana, na pesa za unga huishia kwenye vibunda.

Jamaa wa mtafunaji asiyelala usiku kucha, anayesikia sauti zisizokuwepo au anayedhani kwamba anaandamwa, hawana budi kumfikisha hospitalini mapema. Hali hiyo si ukaidi wala si laana. Ni ubongo uliochokozwa kupita kiasi, na unaweza kutibiwa.