Kigeuzi cha Matriksi: Kuendesha Mota bila Ghala la Umeme

Kigeuzi cha matriksi hupokea umeme wa mkondo geu wa fezi tatu na kuutoa ukiwa na volteji na masafa mengine, kulingana na kasi inayotakiwa kwenye mota. Vigeuzi vilivyozoeleka huufanya umeme kwanza kuwa mkondo mnyoofu, huuweka akiba katika kapasita kubwa, kisha huurudisha kuwa mkondo geu. Kigeuzi cha matriksi hakina ghala hilo. Swichi 9, zilizopangwa 3 kwa 3, huunganisha kila waya wa kuingilia na kila waya wa kutokea.

Swichi 9 zinaweza kukaa katika hali 512, lakini kanuni mbili huzichuja. Fezi mbili za kuingilia zisiunganishwe pamoja, kwani zitapiga shoti. Wala waya wa kutokea usiachwe bila njia, kwani mkondo wa koili za mota ukikatwa ghafla huzusha volteji ya kuunguza transista. Zinabaki hali 27.

Kwa hiyo hata kubadili fezi moja kwenda nyingine hufanywa kwa hatua nne. Kila swichi ina transista 2, moja kwa kila mwelekeo. Katika swichi inayoondoka huzimwa ile isiyobeba mkondo; katika inayoingia huwashwa ile itakayoubeba; kisha huzimwa iliyokuwa ikiubeba, na mwisho huwashwa iliyobaki. Yote huisha katika mikrosekunde chache.

Kipimo cha muda wa kila swichi ndicho moyo wa udhibiti. Mwaka 1980 Venturini na Alesina walitoa hesabu ya kugawa muda huo ili wastani wa vipande vya volteji uwe wimbi laini. Njia yao ya kwanza ilitoa nusu tu ya volteji ya kuingilia. Mwaka 1989 walifikisha asilimia 86.6, ambacho ndicho kikomo cha kupata mawimbi laini pande zote mbili. Umeme wa volti 400 hutoa takriban volti 346.

Lifti yenye mzigo inaposhuka, mota hugeuka jenereta, na kigeuzi huurudisha umeme huo kwenye gridi badala ya kuupoteza kama joto. Lakini kwa kuwa hakuna akiba, volteji ya gridi ikiyumba, mota huathirika papo hapo, isipokuwa kidhibiti kipime volteji ya kuingilia na kukokotoa upya muda wa swichi kila mzunguko.