Mdharau mwiba mguu huota tende

Methali hiyo ya wahenga hunijia akilini kila nionapo basi la shule likielekea Milima ya Ngong au Mlima Longonot, limesheheni wanafunzi, mikate na soda, lakini halina sanduku la huduma ya kwanza. Hata pale sanduku lilipo, aghalabu mna bendeji moja tu, na hapana mwalimu aliyefunzwa kuitumia.

Swali langu kwa wakuu wa shule ni hili: mtoto akijikata, akiteguka au akiumwa na nyoka mahali palipo mbali na zahanati, ni nani atakayejua la kufanya?

Huruma hatukosi. Watu hukimbilia kusaidia, na hapo ndipo madhara mengi huanza. Nimeshuhudia kijana aliyeteguka kifundo cha mguu akivutwa na kukandwa na wenzake hadi akazirai kwa maumivu. Alichohitaji ni kupumzishwa, kufungwa bendeji, kuwekewa kitambaa chenye maji baridi na kuinuliwa mguu. Aliyeungua kwenye moto wa kambi hupakwa dawa ya meno, ilhali afaacho ni kumwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20. Jeraha nalo hutiwa udongo, ambao ni makao ya viini vya pepopunda. Litakiwalo ni kulikandamiza kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha kuliosha kwa maji safi na sabuni.

Kuhusu nyoka, makosa huwa mabaya zaidi. Wengi wangali wanafunga kamba, wanachanja kwa wembe na kufyonza damu. Kamba huzuia damu na yaweza kumpotezea mtu mguu mzima; wembe huongeza jeraha juu ya jeraha; na kufyonza hakumwokoi mgonjwa. Aliyeumwa avuliwe viatu na pete kabla hajavimba, kiungo kitulizwe kana kwamba kimevunjika, naye abebwe hadi hospitalini bila ya kutembezwa. Aliyetemewa sumu machoni na swila aoshwe kwa maji mengi papo hapo. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mnamo 2017. Wachungaji wa Baringo, ambao hutembea porini kila siku, hawakuhitaji kungoja orodha hiyo ili wajue uzito wa jambo lenyewe.

Mbwa pia asidharauliwe. Hata mkwaruzo mdogo wa meno yake uoshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kuchanjwa bila kuchelewa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.

Maarifa haya si ya madaktari peke yao. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance huyafunza kwa watu wa kawaida. Kwa maoni yangu, pasiwe na safari ya shule bila ya mtu mzima mmoja aliyehitimu mafunzo hayo, pamoja na maji safi, sabuni, bendeji, glavu na nambari ya simu ya hospitali iliyo karibu. Mzazi naye, kabla ya kulipa nauli ya mwanawe, ana haki ya kuuliza: ni nani huyo, na sanduku liko wapi?