Je, Wajua? Historia Iliyo Vinywani mwa Watu

JE, WAJUA kwamba…

• Profesa Allan Nevins alipoanza kukusanya historia simulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1948, aliwaandama wakubwa: wanasiasa, majaji, matajiri? Mahojiano ya kwanza hayakunaswa sauti hata kidogo. Mwanafunzi aliyaandika kwa mkono.

• Wanyonge walikuwa wameshaulizwa kabla yake? Kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwalipa waandishi waliokosa ajira wakawahoji wazee waliozaliwa utumwani. Simulizi zaidi ya 2,300 zimo katika Maktaba ya Bunge, Washington. Zisome kwa jicho kali: wahoji wengi walikuwa Wazungu, na mzee mweusi wa Kusini enzi zile alijua la kusema na la kumeza.

• Mwandishi Studs Terkel wa Chicago, aliyewahoji mhudumu wa mkahawa na mchimba makaburi katika kitabu chake *Working* cha 1974, hakuelewana na mashine? Alipobabaika na kinasa sauti, aliyehojiwa alimsaidia, na woga ukamtoka.

• Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kwa wazee wa kusini mwa Tanzania kuuliza habari za Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 dhidi ya Wajerumani? Nyaraka za Wajerumani zilikuwa na upande mmoja tu wa vita hivyo.

• Bibi Titi Mohamed alisoma miaka minne tu, lakini aliwaingiza wanawake wengi katika chama cha TANU kupitia vikundi vya ngoma? Mwanahistoria Susan Geiger alirekodi maisha yake na ya wenzake, kikatoka kitabu *TANU Women* mwaka 1997.

• Wanawake watatu wa Mombasa walisimulia maisha yao kwa Kiswahili mbele ya watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel, yakachapwa kitabu mwaka 1989? Mmoja alitoka ukoo uliomiliki watumwa, mwingine alikuwa wa kizazi cha watumwa. Mji ni ule ule, lakini kila mmoja ana Mombasa yake.

• Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1997, katika kesi ya Delgamuukw, kwamba simulizi za wazee wa asili zipewe uzito kama ushahidi katika madai ya ardhi?

• Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa enzi za Mau Mau, jumla ya karibu pauni milioni 20? Kumbukumbu za wazee zilikutana na majalada ya Uingereza yaliyofichwa kwa miaka mingi, zikalingana.

• Saa moja ya mazungumzo huweza kula saa sita au zaidi kuiandika neno kwa neno?

• Simu yako inatosha kuanzia? Omba ruhusa, zima redio, kaa karibu. Usianze na “Ulizaliwa lini?” Muulize bibi nyumba yao ilikuwa na vyumba vingapi, na nani alilala wapi. Kisha nyamaza; akisita, usimkimbilie na swali jingine. Hifadhi nakala mahali pawili au zaidi, na kila faili ipe jina la msimuliaji, mahali na tarehe, kwa sababu “Rekodi 017” haitamwambia mjukuu kitu.