Kweli au Si Kweli? Tiba ya Uraibu wa Unga Vijijini

Heroini, yaani unga, haichagui mji wala shamba. Tiba yake ndiyo huchelewa kufika vijijini, na imani zifuatazo huichelewesha zaidi.

"Methadoni ni unga ule ule, umepewa jina la hospitali."
Si kweli. Heroini huisha mwilini ndani ya saa chache na kumrudisha mtu kwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, hunywewa mara moja kwa siku. Kwa dozi sahihi mgonjwa halewi, arosto haimshiki, anafanya kazi. Tangu 2005, Shirika la Afya Duniani linaihesabu kati ya dawa muhimu.

"Bila daktari bingwa, kijiji hakiwezi kitu."
Si kweli. Vermont ni jimbo la Marekani lenye vijiji vingi vya milimani. Huko, wagonjwa wenye hali ngumu hutibiwa kwenye vituo vikubwa, na waliotulia huhudumiwa na madaktari wa kawaida karibu na kwao. Madaktari hao hawaachwi peke yao: kwa kila wagonjwa 100 wa bima ya serikali hupangwa muuguzi na mshauri nasaha. Daktari huandika buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, muuguzi humtafuta aliyekosa kliniki, mshauri husikiliza habari za ndoa, madeni na kesi.

"Mfungie ndani mpaka arosto iishe, atakuwa amepona."
Si kweli, na ni hatari. Mwili uliokaa bila unga hupoteza uzoefu wa kuuhimili. Mtu akirudia kipimo cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Familia nayo ifundishwe kutumia naloksoni, dawa inayorudisha pumzi, kisha imkimbize mgonjwa hospitali.

"Aliyewahi kutumia anafaa kuwa mhudumu."
Kweli. Mhudumu wa aina hii, yaani mwelimishaji rika, anayajua maskani ya watumiaji na anaijua aibu ya kupanga foleni kliniki. Anayemkwepa daktari humsikiliza yeye.

"Nauli inaweza kuua tiba."
Kweli. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na baadaye huduma ikafika Tanga, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kwa kawaida dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na mkulima wa mbali hawezi kupanda basi kila asubuhi mwaka mzima. Kliniki ya mkoa ibaki kuwa kituo kikuu, wauguzi wa zahanati wafundishwe, na dawa imfuate mgonjwa aliyetulia kijijini kwake. Mgonjwa wa kijijini anastahili tiba sawa na wa mjini.