Uchaguzi wa Karatasi ya Picha Nyeusi na Nyeupe katika Hifadhi za Nyaraka

Makala haya yanafafanua misingi ya kuchagua karatasi ya kusafishia picha nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza, hasa pale hifadhi za nyaraka zinapotoa nakala kutoka negativi za zamani. Hoja yetu ni kwamba karatasi huamua umri wa picha na pia matumizi ya maji.

Kuna aina mbili kuu. Karatasi ya nyuzi hunyonya dawa, hivyo huweza kuhitaji kuoshwa kwa dakika 60. Iliyofunikwa kwa plastiki pande zote mbili hutosheka na takribani dakika 2. Hata hivyo, ya nyuzi ndiyo inayoaminiwa zaidi kudumu, mradi ioshwe ipasavyo. Mabaki ya dawa ya kukazia picha yakisalia ndani yake, picha hugeuka manjano na kufifia.

Jambo la pili ni tofauti kati ya weusi na weupe. Karatasi za daraja maalumu hupangwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 5; negativi yenye tofauti hafifu huhitaji namba ya juu. Karatasi ya madaraja mengi hurekebishwa kwa vichujio vya rangi, hivyo boksi moja hukidhi negativi za hali mbalimbali.

Kwa hiyo tunapendekeza nakala za kudumu zitolewe kwenye karatasi ya nyuzi, na nakala za wasomaji kwenye ya plastiki. Pasipokuwa na maji ya uhakika, karatasi ya nyuzi isinunuliwe: ubora wake hautasalia.